Siku 60 za majani na majivu: shajara ya sufuria moja na hadithi moja

Siku ya 1, Jumapili

Nimerudi kutoka Kibuye, soko la hapa Kisumu, na kikapu kizito: mnavu, saga, mrenda, majani ya kunde, nyanya, ndimu sita, gorogoro moja ya maharagwe ya nyayo, nusu ya ndengu, na njugu mbichi. Jumapili soko hilo hufurika, na njia yangu ya kawaida hupita kwa wauza omena, dagaa wa Ziwa Victoria. Mama ninayenunua kwake aliniona nikipita. "Mwalimu, leo umenikasirikia?" Nikamwambia hapana, mama, nitarudi baada ya miezi miwili. Akanitazama kidogo, kisha akanifungia pilipili mbili za bure.

Kanuni ya jikoni: kwa siku 60 sili nyama, samaki, omena, mayai wala maziwa. Kanuni ya meza: katika siku hizo hizo naandika hadithi fupi moja isiyo na methali, isiyo na nahau ya kuazima, wala tashbihi niliyowahi kuisoma kwa mtu mwingine.

Kanuni ya meza ndiyo iliyozaa ya jikoni. Nimesahihisha insha za Kiswahili kwa miaka 14. Wanafunzi wangu huandika "nilirauka alfajiri na mapema", "siku ya siku ilipowadia", "akaangua kilio cha kite na shake", na mimi huweka alama ya vyema pembeni. Likizo iliyopita nilisoma hadithi zangu tatu mfululizo nikakuta nami naandika hivyo. Kila mhusika anapofika mahali pa kuumia, naleta methali, methali inasema yote, na mimi napita bila kuangalia. Wiki hiyo hiyo nikiwa jikoni nikagundua kwamba sijui kupika mboga. Kila mboga yangu ina omena ndani, au maziwa, au mchuzi wa kuku wa jana. Palipo na kazi ya kutafuta ladha, iwe sufuriani au kwenye daftari, nimezoea kumwita mwingine anifanyie.

Methali nazipenda, na samaki wa ziwa hili nampenda. Nataka tu kujua nina nini wakiondoka wote wawili.

Siku ya 2

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili jioni nina njaa, maharagwe ni makavu kama yalivyotoka sokoni. Samaki ungemkaanga dakika ishirini ukala. Nimekula ugali na mnavu wa kitunguu na chumvi. Mchungu sana.

Saa tatu usiku nikakaa mezani. Maneno 61, na yote nimeyafuta.

Siku ya 3

Nimeelewa kosa la jana, la pande zote mbili. Maharagwe yanataka uamuzi wa jana. Unayaloweka usiku kucha, asubuhi unamwaga maji yale, unaweka mapya, na unayachemsha kwa moto mkali. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo joto la chini haliiui. Ni lazima yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguza moto. Wanaoyaacha yakifukuta tu kwenye moto mdogo mpaka yalainike huumwa tumbo na kutapika, na wengi hawajui kwa nini.

Kwa hiyo nimeanza kuloweka hadithi pia. Kabla ya kulala naandika swali moja, na siandiki kitu kingine. Leo swali ni: *Bakuli lilirudi na nini?* Nina wajane wawili waliokuwa wake wenza, wamekaa boma moja bila kusemezana miaka kumi na mmoja. Mdogo hutuma mboga. Mkubwa hula, huosha bakuli, hulirudisha. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu.

Siku ya 4

Swali limelala ndani ya maji na limevimba. Maneno 240 kabla ya kwenda kazini, na sijafuta hata moja.

Siku ya 7

Wiki nzima nimehangaika na uchungu.

Hapa Kisumu mnavu na saga (osuga na akeyo kwa majirani zangu Wajaluo) hupikwa kwa subira. Zinachemshwa, zinatiwa maziwa, zinapashwa tena kesho, zinaongezwa maziwa, na siku ya tatu uchungu umekuwa kitu kingine kabisa. Mimi maziwa sina. Jaribio la kwanza: nikachemsha saga kwa maji mengi, nikamwaga, nikachemsha tena, nikamwaga. Uchungu ukaenda, na ladha ikaenda nao, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini C, kwa kuwa hiyo huyeyuka majini. Nilibaki na majani yasiyo na habari.

Nikafungua daftari jioni ile ile nikaona nimemfanyia mjane mkubwa jambo lile lile. Katika rasimu yangu ya mazishi nilikuwa nimemchemsha na kummwaga mara tatu. Halii, hakasiriki, hana wivu. Anasimama tu kando ya kaburi akiwa na heshima yake. Nani ataamini mwanamke huyo?

Lugha yetu ilikwisha kuliona hili, ndiyo maana neno ni moja. Uchungu wa mnavu, uchungu wa kufiwa, uchungu wa kuzaa. Hatuna maneno matatu.

Jaribio la pili limefaulu. Nimechanganya saga na mnavu na majani machache ya kunde, nimechemsha kwa maji kidogo bila kumwaga, nikakaanga kitunguu na nyanya, kisha nikatia vijiko vitatu vya njugu nilizokaanga na kuzisaga kwenye kinu. Uchungu upo. Unaufikia mwishoni, baada ya mafuta ya njugu, na unataka tonge jingine. Na mjane nimempa wivu wake. Kando ya kaburi anahesabu viatu vya mwenzake, kwa sababu ni vipya na anajua vilinunuliwa lini.

Maneno ya wiki: 1,130.

Siku ya 12

Mwenzangu wa idara ameniuliza kwenye chumba cha walimu, kwa upole, kwa nini mtu mzima ajifunge kamba ambayo hakuna aliyemfunga. Yeye hufundisha ushairi vizuri kuliko mimi, kwa hiyo nilimjibu kwa ushairi. Tarbia ina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane na nane, vina vya kati na vya mwisho. Mtunzi anayetaka kusema kwamba mama yake amekufa anakuta neno la kwanza lililomjia limezidi mizani, la pili halina kina, na la tatu, ambalo asingelitafuta kamwe, ndilo linalomliza msikilizaji. Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini mizani haiondoi damu mwilini."

Ni hoja ya kweli, na nimeifanyia kazi leo. Madini ya chuma kwenye mboga na maharagwe hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama. Ndimu au nyanya kwenye mlo huyasaidia sana, chai huyazuia. Mimi nilikuwa nikinywa strungi na chakula kila usiku. Sasa nangoja saa moja, na ndimu ipo kwenye kila sahani ya maharagwe.

Lililo zito zaidi ni vitamini B12. Hakuna mmea wa kutegemewa kwa hiyo. Hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Ini la mtu mzima linaweza kuwa na akiba ya miaka, kwa hiyo siku 60 zisingenimaliza, lakini akiba hiyo ndiyo inayowapoteza wanaoendelea bila kufikiri. Upungufu ukija huja na uchovu, ganzi za mikono na miguu, na damu kupungua. Nimenunua vidonge kwenye duka la dawa. Yeyote anayesoma hapa akitaka kuendelea mwaka au zaidi, asiruke jambo hili, na mama mjamzito au anayenyonyesha aongee na mhudumu wa afya kwanza.

Siku ya 17

Kanuni zote mbili zimevunjika siku moja, naandika zote.

Tulikwenda ufukweni na wenzangu kumuaga mmoja wetu. Meza imejaa samaki, mbuta na ngege wa kukaanga, harufu nzuri mno. Niliagiza ugali wa mtama na mboga za kienyeji. Tonge la tatu nikajua: maziwa, na mengi. Sikuuliza kabla ya kuagiza, kosa ni langu. Niliacha bakuli nikala ugali na kachumbari.

Usiku, ukurasa wa 4, nimekuta "giza kama masizi". Nimeisoma mara ngapi hiyo? Imeingia kama maziwa yalivyoingia. Mpishi hakuwa na nia mbaya, ndivyo mboga inavyopikwa, na mkono wangu nao haukuwa na nia mbaya.

Nimeifuta. Badala yake: mjane anajua yuko jikoni kwa sababu mguu umegusa jiwe la tatu la jiko. Giza limekuwepo bila kulitaja.

Mbuta huyo, kwa njia, aliingizwa ziwani miaka ya 1950. Mahindi ya ugali wetu asili yake ni Amerika. Kunde na saga ni za Afrika tangu zamani. Nimekuwa nikifikiri kwamba ninachokiacha ni cha asili na ninachokula ni kigeni.

Siku ya 23 na 24, Vihiga

Nimekwenda kwa senje, shangazi yangu, upande wa Luanda. Nilipanda matatu ya kupitia Maseno nikiwa na sababu mbili: kumwona, na kujifunza musherekha, maji ya majivu tunayotilia mboga kwetu. Kukhu, bibi yangu, aliyatengeneza kila wiki. Mimi nilikuwa nikicheza karibu naye na sikutazama.

Senje hakuwa na habari ya mradi wangu. Nilipofika kuku alikuwa tayari kwenye chungu.

Nilimweleza kwa utaratibu. Akasikiliza hadi mwisho. "Unaumwa?" Hapana, senje. "Umeokoka dini nyingine?" Hapana. Akakaa. "Kuku sikumchinja kwa sababu una njaa. Nimemchinja kwa sababu umekuja."

Nimekaa na sentensi hiyo siku mbili. Kuhusu chakula imenionyesha mahali ambapo kanuni yangu haina jibu. Mtu akijitengenezea sheria ya sahani, sheria hiyo inafika hadi kwenye mkono wa anayempakulia. Niliomba nigawe mimi. Nikawapakulia watoto wa boma na mjomba, nikamletea senje paja, nikala mrenda na obusuma, ugali wetu. Alikula. Hakufurahi, na sitaandika kwamba alifurahi.

Jioni ndipo akaniita nyuma ya jiko. Maganda makavu ya maharagwe yalikuwa yamekwisha kuchomwa, majivu mepesi, ya kijivu kinachokaribia weupe. Ana kopo la bati lenye matundu chini. Akatandika majani makavu ndani ili majivu yasipite, akajaza majivu, akashindilia kwa ngumi, akamimina maji baridi polepole. Tukakaa. Tone la kwanza lilichukua muda mrefu sana. Lilitoka la rangi ya chai hafifu. Akaniambia niguse kwa ulimi: kali, inateleza, ladha ya sabuni na chumvi.

Maji hayo hulainisha majani magumu na kufanya mrenda uteleze. Majivu ya mimea yana potasiamu kaboneti, magadi yana ile ya sodiamu, na zote mbili hulegeza kile kinachoshikilia kuta za jani na ganda la maharagwe. Ndiyo maana maharagwe yenye magadi huiva haraka. Hasara ipo: huharibu vitamini B1. Kwa hiyo ni vijiko viwili kwa sufuria, na si kila siku.

Tukiwa tunangoja matone nilimuuliza kukhu alikula nyama mara ngapi. Akafikiri. Krismasi, msiba, mgeni mkubwa. Siku nyingine zote zilikuwa mboga, kunde, viazi vitamu, ugali wa wimbi, na maziwa ng'ombe akiwepo. Waingereza walipata neno *vegan* mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Kukhu wakati huo alikuwa msichana anayechambua mrenda, na hakuwa na hiari ya kuandika kanuni ukutani kama mimi. Sitaki kumfanya mfano wa mradi wangu. Nyama hakuikataa. Haikuwepo.

Na bakuli limepata jibu. Lilirudi na musherekha, katika kibuyu kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba. Miaka kumi na mmoja mjane mdogo ametuma mboga, na miaka kumi na mmoja mkubwa amerudisha kitu cha kuilainisha, na hakuna aliyesema neno.

Siku ya 25

Maneno 1,400 kwa kikao kimoja. Sijawahi.

Siku ya 31

Nusu imepita. Chakula kimekuwa cha kawaida kiasi kwamba sina la kuandika: ndengu kwa nazi, kunde kwa njugu, viazi vitamu, nyoyo (mahindi na maharagwe) Jumatano. Nyoyo imenipa wazo moja tu. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini. Maharagwe yana lisini ya kutosha na upungufu wa methionini. Pamoja vinakamilishana, hata visipokuwa kwenye sufuria moja, mradi siku iwe moja. Nilikuwa na sura ya mazishi na sura ya bakuli, na nilikuwa najaribu kuifanya kila moja isimame peke yake, nikiijaza maelezo. Nimeyatoa maelezo. Mazishini kuna viatu vipya, bila sababu ya wivu. Kwenye bakuli kuna kimya, bila chanzo chake. Msomaji atazila zote mbili siku ile ile.

Siku ya 38

Uchovu. Nilidhani ni damu, nikaenda kupimwa, iko sawa. Nilikuwa nakula kidogo mno. Mboga hujaza tumbo kabla ya kutoa nguvu ya kutosha, na mtu aliyezoea kipande cha samaki anadhani ameshiba. Nimeongeza njugu, parachichi, na kipimo kikubwa zaidi cha maharagwe mchana.

Hadithi pia imekonda. Katika kuogopa kuazima nimeanza kuandika sentensi za maneno manne, manne, manne. Kuondoa kumekuwa tabia. Wajane wangu hawasemi, hawafikiri, hawana hata hali ya hewa. Leo nimerudisha mvua, na watoto wawili wanaogombania kiti. Jikoni nimerudisha bizari.

Siku ya 46

Nimempa dada yangu asome. Ana macho makali na hanipendelei. Nilichelewa wiki tatu kumpa, nikijiambia bado haijaiva, lakini ukweli ni kwamba kuna kitu hadithi haiwezi kujitengenezea yenyewe, kama ile B12, na nilikuwa naishi kwa akiba. Amerudisha na alama tatu za kalamu. Ukurasa wa 5 hajui nani anaongea. Ukurasa wa 8 nimeandika "aliumia" na yeye alikuwa ameshaumia sentensi mbili kabla. Na ya tatu: "Huyu mkubwa anampenda mwenzake. Wewe hujui?"

Sikujua.

Siku ya 53

Nimeandika upya kuanzia ukurasa wa 5. Mkubwa anapoosha bakuli sasa anaosha na upande wa nje, chini kabisa, ambapo masizi ya miaka hayajawahi kumsumbua mtu. Nimeacha hapo.

Siku ya 60

Hesabu ya jikoni: siku 60, tonge tatu zenye maziwa, sufuria moja ya saga iliyoharibika, vidonge vya B12 bado vipo. Nitaendelea siku tano za wiki. Samaki atarudi Jumamosi, na mama wa Kibuye nilimwahidi. Nikienda kwa senje nitakula kuku.

Hesabu ya meza: kurasa 11, maneno 4,320, methali hakuna. Kuna nahau moja niliyoiacha kwa kujua, kinywani mwa mchungaji kwenye mazishi, kwa sababu mchungaji huyo angeisema.

Jioni nilimpigia senje nikamsomea yote kwa simu. Alikuwa kimya muda wote, nikisikia kuku uani kwake. Nilipomaliza alisema, "Yule mkubwa umemfanya ajaze kibuyu kwa maji ya kwanza."

Ndiyo, senje.

"Maji ya kwanza ni makali. Ukimtumia mtu hayo bila kuyazimua, umemtumia ugomvi. Anayejua huongeza maji kwenye majivu, akangoja tena, akachanganya."

Nikamuuliza: na kama mwaka wa kwanza alituma makali?

Akakaa. "Mwaka wa kwanza, sawa. Baadaye hapana."

Nimefungua ukurasa wa 9. Sentensi ilikuwa: *Alijaza kibuyu, akakifunga.* Sasa hiyo ni ya mwaka wa kwanza, na ya mwaka wa nne inasema: *Aliyaweka kando maji ya kwanza, akaongeza mengine juu ya majivu, akavuta kigoda. Kulikuwa kumekucha alipokifunga kibuyu.*

Bado sijui mwaka wa pili na wa tatu alituma yapi. Nimeandika swali hilo kwenye daftari, nimeloweka kunde, nimezima taa.